Swali la Mlangoni

Kwa miaka kumi na mmoja nimeuliza swali moja
kwenye mlango wa chumba cha eksirei, Tororo:
Mama, una mimba?
Nimeuliza kwa Kiswahili, kwa Kiadhola, kwa Kiteso,
na kwa kiganja juu ya tumbo langu mwenyewe
kwa yule bubu wa Malaba aliyeangukiwa na gunia.
Wengine walicheka. Wengine walihesabu kwa vidole:
soko la Jumanne, soko la Jumanne, mvua ya kwanza.
Mmoja alilia tu; mumewe alikuwa nyuma yake.

Mashine haiulizi.
Inakoroma, inabana pumzi, inasema tik,
na mfupa unatoka mweupe
kama muhogo uliomenywa.

Nilikuwa na aproni ya risasi.
Lugha hii ina mzaha wake: risasi ya kuua
na risasi ya kukinga ni neno lilelile.
Yangu ilikuwa na ufa kiunoni, pale ilipokunjwa
na waliokuja kabla yangu. Mtunza stoo
aliandika "itabadilishwa", mwaka ambao kalenda yake
bado inaning'inia ukutani.
Na kifuani nilikuwa na beji, ndogo kama kiberiti,
ya kunihesabia mionzi. Kila miezi mitatu
ilipanda basi kwenda Kampala.
Kurudi, karatasi haina nauli.

Awor alizaliwa usiku, umeme umekatika.
Sista Akiteng alimulika kwa simu, akahesabu kimya,
akahesabu tena.
Mkono wa kushoto: gumba, kidole cha mwisho,
na katikati nafasi.

Nyumbani kwa mume wangu hawakukosa majibu.
Mama mkwe alitafuta mwiko: nilikula nini, nilimcheka nani.
Shemeji alitaja vumbi la saruji,
linalolala juu ya majani ya ndizi na ndani ya vifua vyetu
bila ubaguzi.
Mchungaji alitaja mapenzi ya Mungu, akaongeza sukari.
Daktari Emorut peke yake alisema: Sijui.
Watoto huzaliwa hivi hata kwa mama
ambaye hajawahi kuuona mlango wako.
Sijui, na sitakudanganya.
Ya wengine niliyasahau. Hilo moja nalivaa.
Lina uzito wa aproni.

Maana hesabu ninaijua, nilifundishwa darasani:
wiki ya tano, ya sita, mkono ni kasia dogo
linalosubiri kupasuliwa vidole,
na mwenye tumbo bado anadhani ni malaria.
Wiki hizo nilikuwa kazini.
Niliwashikilia watoto wa watu mbele ya mashine
wasitikisike, kwa kuwa mama zao
(nilikuwa nimewauliza)
walikuwa na mimba.

Bahasha ilifika Awor akiwa tayari anakimbiza kuku.
Sifuri, nukta, tarakimu mbili.
Chini ya kiwango.
Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimeketi.
Beji hukaa kifuani. Mwanangu alikaa chini yake,
nyuma ya ufa,
na hapo hakuna aliyepima.

Leo daktari ameandika fomu:
picha, mkono wa kushoto, miaka mitatu.
Awe na mtu wa kumshika.
Oketcho, niliyemfundisha kazi kwa mikono hii,
alitoka na aproni mpya inayonuka plastiki.
Awor aliugusa ukuta, akauliza kama mle ndani kuna giza.
Nikasema lipo kidogo.
Oketcho akasafisha koo. Aliangalia viatu vyangu,
kama mwanafunzi anayemdai mwalimu kitambulisho.
Mama Awor, una mimba?

Miaka kumi na mmoja, na ndio kwanza nasikia
jinsi swali hilo linavyosikika upande huu wa mlango.

Nilifungua mdomo niseme hapana.
Kisha nikajikuta nahesabu:
soko la Jumanne,
soko la Jumanne